Runinga ya Keroka si ya Nairobi

Safaricom ilipoanza majaribio ya 5G mnamo Machi 2021, Kisii ilikuwa miongoni mwa miji minne ya kwanza, pamoja na Nairobi, Kisumu na Kakamega. Faiba haijafika kila kilima cha Gusii, hivyo nyumba nyingi hutegemea ruta ya laini ya simu, iliyowekwa dirishani upande wa mnara, na filamu hutazamwa bila dishi.

Kasoro hujitokeza huduma ya filamu inapotaka kujua runinga iko wapi. Huduma hiyo husoma anwani ya IP, na kwenye laini ya simu anwani hiyo si ya nyumba moja. Wateja wengi huonekana nje kwa anwani ileile; stima ikipotea na ruta ikawaka upya, inaweza kupewa nyingine. Isitoshe, mawasiliano yao mara nyingi hupitia mitambo ya Nairobi. Runinga iliyo Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, huhesabiwa kuwa ya jiji.

Tangu Julai 2023, Netflix imekuwa ikibana matumizi ya akaunti moja katika nyumba mbalimbali nchini Kenya. Nyumba hutambuliwa kwa anwani ya IP, vifaa na mwenendo wa akaunti. Kwa ruta ya simu, familia ambayo haijahama popote inaweza kuambiwa runinga yake si ya nyumba hiyo. Namba ya uthibitisho hutumwa kwa simu au barua pepe ya mwenye akaunti, na hudumu dakika 15. Mwenye akaunti akiwa ni kijana aliye kazini Nairobi, anayewalipia wazazi wake Nyansiongo huku yeye mwenyewe hatazami chochote, dakika hizo huisha kabla hajashika simu.

Huko ni kumwonea mteja aliyelipa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika kikamilifu na huduma anayonunua. Kampuni za simu ziseme wazi, kabla ya kuuza ruta, kwamba anwani hubadilika. Huduma za filamu nazo zimruhusu mteja kuisajili runinga yenyewe, na Mamlaka ya Mawasiliano isisubiri malalamiko ndipo izibane kampuni hizo.

Kwa sasa, msomaji anayenunua ruta Kisii au Nyamira aulize dukani kuhusu anwani hiyo, na akaunti iandikishwe kwa namba ya simu ya mtu anayelala nyumbani humo.