Mtoto akipelekwa kupimwa usonji, baba aende pia

Sisi tunaoshona magauni ya harusi huku Chunya tunasikia mengi mbele ya cherehani. Bibi harusi wa mwaka juzi anarudi na mtoto mgongoni, na akishapimwa nguo anasema taratibu: mtoto haitiki jina lake, na maneno mawili aliyokuwa nayo yamepotea. Ukimuuliza atampeleka lini hospitali, jibu ni lile lile. Mume kasema nenda wewe.

Hapo ndipo tunapobisha. Usonji haupimwi kwa damu wala kwa picha ya kichwa. Kipimo kikubwa ni maelezo ya wazazi na macho ya mtaalamu. Anzeni hospitali ya wilaya, muombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kama kilomita 70 kutoka hapa. Ikibidi mtafika mpaka Muhimbili. Masikio huangaliwa mapema, maana mtoto asiyesikia naye haitiki. Kisha maswali: mimba ilikwendaje, alilia alipozaliwa, alitembea lini, ananyoosha kidole kukuonyesha kitu, anacheza na wenzake au anapanga vifuniko vya chupa kutwa nzima? Kwa watoto wa miezi 16 hadi 30 lipo dodoso la maswali 20 ya ndiyo na hapana. Hilo linachuja tu, halitoi hukumu. Mtaalamu atacheza na mtoto, atamwita, atamtazama. Huenda mkaambiwa mrudi siku nyingine. Kadi ya kliniki msiisahau, na video fupi za simu zinasaidia sana, kwa kuwa mtoto akifika ugenini hubadilika. (Na biskuti zake mchukue, foleni haina huruma.)

Sasa mama akienda peke yake, anarudi na habari nzito, na ukoo unamgeukia yeye: kwao kuna nini? Lawama hizi hata wenzetu walizipitia. Marekani, miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wakubwa walishikilia kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo. Bruno Bettelheim alitoa kitabu kizima mwaka 1967. Utafiti ulikuja kuwakanusha. Urithi una sehemu kubwa, na hutoka pande zote mbili. Baba akilisikia hilo mwenyewe kwa daktari, mama mkwe atajibiwa na mwanawe.

Kisomo tunakiamini na tunakifanya. Ila kisiwe sababu ya kuahirisha hospitali miaka miwili, kwani mazoezi ya kuongea na kucheza hufaa zaidi yakianza mapema. Dawa ya kuondoa usonji haipo. Anayekuuzia anakula pesa yako.

Nanyi mnaoolewa mwaka huu, mkishamaliza ya mahari na nyumba ya kukaa, muulizeni mchumba na hili: mtoto akihitaji kwenda Mbeya, tutakata tiketi ngapi?