Anayejiita Mjamaa Aulizwe Kuhusu Ardhi

Mwaka wa 1965 serikali ya Kenya ilijitangaza kuwa ya kijamaa. Vijana wakiambiwa hivyo hushangaa, kwani Kenya ya namna hiyo hawajaiona. Lakini waraka upo. Ni Waraka wa Bunge nambari 10 wa mwaka huo, unaohusishwa zaidi na Tom Mboya, aliyekuwa waziri wa mipango ya uchumi, na dibaji yake ni ya Mzee Jomo Kenyatta. Jina lake lenyewe linataja ujamaa wa Kiafrika na jinsi ya kuutumia kupanga maendeleo ya nchi.

Ndani ya waraka huo mna kifungu kilichowaumiza sana watu wa nyanda kame. Kilielekeza fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapoongeza mapato ya taifa kwa haraka zaidi, yaani palipo na ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Huku Taita Taveta, Voi haikuwamo. Kasigau haikuwamo. Mwaka wa 2013, miaka 48 baadaye, tume ya ugavi wa mapato iliitaja Taita Taveta miongoni mwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zinazostahili mgao wa Hazina ya Usawazishaji. Ujamaa uliotangazwa Nairobi uliwafikia Wataita kwa sura hiyo.

Waraka huo haukukosa wa kuukosoa. Mnamo Julai 1965, mwanauchumi Barack Obama, baba ya aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliuchambua katika jarida la East Africa Journal. Alihoji kwa nini serikali inayojiita ya kijamaa inakimbilia hatimiliki za mtu mmoja mmoja, huku Waafrika wakiwa na desturi ya kumiliki ardhi kwa ukoo na wangeweza kulima kwa ushirika. Aliuliza swali la msingi kabisa: mali ni ya nani?

Milimani Taita, swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa robo karne kabla. Mwaka wa 1939 wenyeji waliunda Taita Hills Association kupinga kunyang'anywa ardhi na walowezi na serikali ya kikoloni. Mwaka uliofuata chama hicho kilipigwa marufuku pamoja na kile cha Wakikuyu na kile cha Wakamba, na viongozi wakakamatwa. Watu wale hawakujiita wajamaa, na huenda hawakulihitaji neno hilo. Walijua shamba lilipokuwa na nani amelichukua. Kisha mwaka wa 1948 ikaja Mbuga ya Tsavo, ambayo leo imechukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti nzima.

Ukijua historia hiyo hutashangaa kwamba eneobunge la Wundanyi, Taita, limewapeleka bungeni wanasiasa wawili wa mrengo wa kushoto. Wa kwanza ni Mwashengu wa Mwachofi, aliyechaguliwa mwaka wa 1979. Yeye na wenzake kama James Orengo, Koigi wa Wamwere, Lawrence Sifuna, Abuya Abuya na Chibule wa Tsuma waliisumbua serikali kwa hoja za ardhi na ufisadi hadi Charles Njonjo, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu, akawabandika jina la "dada saba wenye ndevu". Ndevu zilikuwa za kuwafananisha na Karl Marx. Enzi hizo kuitwa mjamaa nchini Kenya ilikuwa hatari. Jaramogi Oginga Odinga na George Anyona walipotaka kuunda chama cha kijamaa mwaka wa 1982, Anyona alitiwa kizuizini, na mwezi Juni katiba ikabadilishwa ili KANU ibaki chama pekee.

Wa pili ni Mwandawiro Mghanga, kiongozi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefungwa enzi ya Rais Moi, akaishi uhamishoni Sweden, kisha akawa mbunge wa Wundanyi kuanzia 2002 hadi 2007. Ameandika kitabu kizima kuhusu ardhi, uchaguzi na migogoro Pwani, na amekuwa mwenyekiti wa Chama cha Kikomunisti cha Kenya. Mwaka wa 2022 chama hicho kiliingia katika muungano wa Kenya Kwanza, na baadhi ya wanachama wake wakapinga waziwazi. Walikuwa na haki ya kupinga. Mtu aliyeteswa kwa ajili ya imani yake anastahili heshima, lakini heshima hiyo haimwondolei deni la kueleza anaungana na nani na kwa faida ya nani.

Basi mjamaa hupimwaje? Kipimo cha kwanza ni mali yake mwenyewe. Bildad Kaggia alihukumiwa kifungo kule Kapenguria pamoja na Kenyatta. Baada ya uhuru alikataa kujirundikia mashamba, akatetea wasio na ardhi. Kenyatta alimsuta hadharani kule Kandara mwaka wa 1965, akimuuliza amejifanyia nini ilhali wenzake wana mali. Kaggia aliishi maisha ya kawaida, akaendesha kinu cha kusaga unga, hadi alipofariki mwaka wa 2005. Ng'ambo ya mpaka, ukivuka Taveta kuingia Holili nchini Tanzania, Mwalimu Nyerere alikiandika kipimo hicho katika Azimio la Arusha la 1967: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha.

Kipimo cha pili, sauti ya anayetoa jasho, ni kigumu zaidi, na hapo Tanzania yenyewe ilijikwaa. Mwaka huohuo wa 1967 serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Nchi iliyokuwa ikizalisha tani zipatazo 230,000 mwaka wa 1964 ilishuka chini ya tani 50,000 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kamba za plastiki zilishusha bei duniani, hilo ni kweli. Lakini pia mkata mkonge hakupata sauti yoyote. Aliondoka bwana mmoja akaja meneja wa shirika la umma. Kubadilisha jina la mwenye mali si ujamaa ikiwa anayetoa jasho bado haulizwi lolote.

Somo hilo linahitajika sana Mwatate, ambako mashamba ya mkonge yamepakana na vijiji. Kwa miaka mingi wakazi wamedai mipaka ya shamba ipimwe upya, wakiamini limemeza ardhi yao, huku upande wa shamba ukishikilia kuwa una hati halali. Linahitajika pia kuhusu maji. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 bomba limeyachukua maji hayo hadi Mombasa. Mji wa Voi uko njiani, na bado akina mama wananunua maji kwa mitungi. Mombasa isinyimwe maji. Lakini mjamaa wa kweli angepigania kwanza wenye chemchemi wanywe, na wawe na kauli katika mapato yake.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Atakayesimama sokoni Voi akijiita mjamaa, au mtetezi wa wanyonge, wananchi wasimpigie makofi kwanza. Wamuulize ana ekari ngapi na alizipataje, atafanya nini kuhusu maji ya Mzima, na kule Mwatate, mpaka wa shamba la mkonge utakapopimwa, atasimama upande gani.