Kununua watembeleaji wa tovuti: faida inayoonekana kwenye simu tu

Vijana kadhaa hapa makazini wametuuliza swali moja: je, ni kweli mtu anaweza kufungua tovuti, kununua watembeleaji kwa bei rahisi, kisha akalipwa na matangazo? Baadhi yao wanataka kukopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ili waanze. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Biashara hiyo ipo, na wapo waliopata pesa nyingi kwayo. Inategemea tofauti ya bei. Ukimnunua mgeni kwa senti moja na matangazo anayoyaona yakakuletea senti mbili, umepata faida. Lakini piga hesabu hii ya mfano. Muuzaji anakupa watembeleaji 10,000 kwa dola 10. Kila mmoja anaona matangazo mawili, yaani matangazo yameonyeshwa mara 20,000. Ukilipwa senti 30 kwa kila mara 1,000, unapata dola 6. Umepoteza dola 4, na bado hujahesabu bando la intaneti.

Wenye matangazo wanalipia watu wanaoweza kununua bidhaa zao, hivyo mgeni wa bei rahisi huleta malipo madogo. Muuzaji akikuahidi watu wa Marekani kwa bei hiyohiyo, muulize anawatoa wapi. Mara nyingi si watu, ni programu za kompyuta zinazojifanya watu. Mwaka 2018 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki watu wanane kwa udanganyifu wa aina hiyo. Mmoja wao, Aleksandr Zhukov, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2021.

Makampuni yanayotangaza nayo yameamka. Mwaka 2023 chama cha watangazaji cha Marekani, ANA, kilichunguza matumizi yao na kukuta asilimia 15 ya pesa ziliishia kwenye tovuti zilizotengenezwa kwa ajili ya matangazo tu. Tangu hapo tovuti za namna hiyo zimekuwa zikiwekwa kwenye orodha za kuepukwa.

Hata hivyo, kinachowaumiza wanaoanza zaidi ni tarehe. Chukua AdSense ya Google, ambayo wengi huanza nayo. Pesa unazoziona kila siku kwenye akaunti ni makadirio. Google hukagua baadaye, na ikikuta watembeleaji wasio halali inakata pesa hizo na kuwarudishia wenye matangazo. Kinachobaki hulipwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, tena kama umefikisha dola 100. Wakati huo wewe unaona dola 40 kwenye simu, unafurahi, unanunua watembeleaji wengine. Muuzaji amelipwa leo. Kikundi kinadai rejesho wiki hii. Makato yanakuja mwisho, na hasara ni yako peke yako, kwa sababu sheria za AdSense zinamwajibisha mwenye tovuti hata kama watembeleaji wameletwa na mtu mwingine.

Kuna pia suala la anwani. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma namba ya uthibitisho kwa barua ya posta. Kwa mkazi wa hapa asiye na sanduku la posta hilo si jambo dogo, na ni bora kulitatua kabla ya kutumia hata shilingi moja.

Kwa hiyo, je, bado inalipa? Kwa kampuni yenye mtaji na wataalamu wa kufuatilia bei kila saa, pengine. Kwa mtu wa mkopo wa kikundi, kwa maoni yetu, hapana.

Kama tayari umeanza, acha kununua sasa hivi, na usibofye matangazo ya tovuti yako wala kuwaomba rafiki zako wayabofye. Akaunti ikifungwa, unaweza kukata rufaa kwa kujaza fomu ya Google. Eleza kwa ukweli watembeleaji walitoka wapi na ulilipa nani. Mtu akijitolea kukufungulia akaunti nyingine kwa malipo, usimpe pesa: aliyefungiwa kwa sababu hii anaweza kuzuiwa asishiriki tena.