Namba tasa si tasa

Sisi wa Rissne hupita kila siku kwenye stesheni iliyoandikwa historia ya dunia ukutani. Lakini ni wangapi tumewasimulia watoto historia ya hesabu ya mji huu wa Stockholm?

Mwaka 1957, Hans Riesel, akitumia kompyuta ya BESK hapa hapa Stockholm, alithibitisha kuwa 2 kwa kipeo cha 3217, ukitoa 1, ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ina tarakimu 969, na hakuna iliyoizidi kati ya zilizojulikana wakati ule. Mwaka 2024 Luke Durant wa Marekani alivunja rekodi kwa namba ya tarakimu 41,024,320, kupitia mradi wa GIMPS.

Faida yake nini? Namba tasa ndogo zaidi, za tarakimu mia kadhaa, husaidia kulinda siri mtandaoni. Kuzizidisha mbili ni rahisi. Kuzitenganisha tena hakuwezekani kwa umri wa mtu.

Wazazi wenzangu, wa huku na wa nyumbani, tuache kuwaambia watoto kwamba hesabu si fani yetu. Programu ya GIMPS ni ya bure, na mwenye kompyuta yeyote anakaribishwa.