Kundi likinyamaza siku ya mgao

Kundi la simu likinyamaza siku ya mgao, hakuna anayefikiria kompyuta. Watu wanafikiria orodha: nani kaifuta, nani kapewa kitu kidogo, jina la nani limeingizwa usiku. Mzee wa komite ndiye anayetukanwa, na yeye hajui kitu, maana naye alikuwa anangojea ujumbe uleule.

Tangu kambi zilizozunguka Goma zivunjwe mwanzoni mwa 2025, familia nyingi haziko tena mahali pamoja. Wapo waliorudi Masisi na Rutshuru, wapo wanaolala kwa ndugu au kwa watu waliowapokea tu kwa huruma. Megafoni ya mkuu wa bloku haifiki huko. Ndiyo sababu kuna wanaotumia njia ya mashine: mtu anajaza fomu kwenye simu, kwa mfano ya KoboToolbox, programu nyingine inachukua majibu, inatunga tangazo na kulituma yenyewe kwenye kundi la Telegram, au kwa WhatsApp ya kila mzazi. Ni kazi nzuri. Inamwokoa mtu asiandike maneno yaleyale mara arobaini huku betri ikiisha. Taabu ni siku inapokwama.

Ikikwama inaacha alama nyekundu na namba: 400. Pembeni kuna Kiingereza chenye maana ya "ombi baya, angalia ulichoandika". Kijana aliyepewa kuitunza amesoma kwa Kifaransa. Anaangalia alichoandika, haoni kosa, kwa sababu jana tangazo la namna hiyohiyo lilipita. Anazima, anawasha. Anabadilisha neno la siri. Saa tatu zimekwisha, na kule chini mama ameshatoka na jetoni yake kwenda mahali ambapo mgao haupo tena.

Namba 400 ni gunia. Ndani yake mna makosa mengi yasiyofanana, na anayelibeba bila kulifungua hatajua amebeba nini.

Kosa moja linalosumbua sana ni hili. Kundi la kawaida la Telegram lina namba yake. Likizidi wanachama 200, au msimamizi akiruhusu wageni wasome mazungumzo ya zamani, Telegram inaligeuza kuwa kundi kubwa na kulipa namba mpya, inayoanza na -100. Wanachama hawaoni tofauti: jina ni lile, foto ni ile. Lakini mashine inaendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Wakimbizi wenyewe wanajua hiyo hadithi. Kinachouma ni kwamba Telegram, inapokataa, hutoa namba mpya ndani ya jibu lake. Iko pale. Ila programu ya katikati mara nyingi huonyesha sentensi ya juu tu, na jibu lote limefichwa mahali ambapo ni lazima ubonyeze ili ulione. Kijana hakuambiwa abonyeze.

Kosa jingine ni dogo hata linachekesha, kama halingekuwa na njaa nyuma yake. Telegram ina namna ya kuandika maneno yenye wino mzito, na katika namna moja ya hizo, nukta, kistari na mabano ni alama za mashine. Haziruhusiwi kusimama peke yake bila mkwaju wa kinyume mbele yake. Jana tangazo lilisema "mafuta lita mbili", likapita. Leo linasema "mafuta lita 1.5, tarehe 12-06", na lote linatupwa. Nukta moja imenyamazisha kundi zima. Tena mtu akiacha sehemu ya fomu bila jibu, mashine inaweza kujaribu kutuma ujumbe usio na neno, ikakataliwa. Na ujumbe ukipita herufi 4096, vilevile.

Namba nyingine husema waziwazi zaidi. 403 ni kwamba mashine imetolewa kwenye kundi. 429 ni kwamba inatuma kwa haraka mno: Telegram haitaki zaidi ya ujumbe 20 kwa dakika katika kundi moja, na jibu lake linasema ungoje sekunde ngapi. Asiyelisoma anabonyeza tena na tena, na kila mara anakataliwa.

Kuna jaribio la dakika tano ambalo kila mtunza mashine angepaswa kulijua kabla ya kuachiwa kazi. Tuma neno moja tu, "Jaribio", kwa mashine ileile, kwenye kundi lilelile. Likifika, anwani na ruhusa ni sawa. Ubaya umo ndani ya tangazo, basi likate katikati, tuma nusu moja, kisha nusu ya pili, mpaka uikamate ile alama. Lisipofika, usiguse maneno. Tafuta namba ya kundi na ruhusa.

Hayo yote, hata hivyo, ni afadhali kuliko rangi ya kijani. Kwa WhatsApp, mlango rasmi wa kutuma kwa mashine hupokea ujumbe na kurudisha namba ya risiti. Programu inaandika kwamba kazi imefaulu. Lakini kupokelewa mlangoni si kufika kwa mama. Kama saa 24 zimepita tangu mwenye simu aandike mara ya mwisho, ujumbe wa kawaida hukataliwa, isipokuwa umeandikwa kwa kielelezo kilichokubaliwa na Meta mapema. Kukataliwa huko kuna namba yake, 131047, nayo huja baadaye kwa njia nyingine ambayo lazima mtu awe ameitengeneza ili aisikie. Asiyeitengeneza hasikii. Katika ripoti ya mwezi itaandikwa kwamba matangazo yote yalitumwa, na aliyeandika hatakuwa amesema uongo.

Kwa hiyo lawama isimwangukie kijana peke yake. Shirika linaloweka mashine kati ya familia na chakula chake liweke pia mtu upande wa kupokea, mmoja wa hao hao waliohamishwa, apewe mega za kila juma, na kazi yake iwe kujibu "imefika" kila tangazo linapotoka. Jibu lisipokuja ndani ya nusu saa, mtu apige simu. Watasema hakuna bajeti. Mega za mtu mmoja ni bei ndogo kuliko moto za watu waliokwenda bure na kurudi.

Na redio isiachwe. Mei 27, 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, amri ya kuhama mitaa 10 ya Goma ilitangazwa alfajiri, na watu wakaanza kushika njia ya Sake na ya Rwanda. Sauti ya mtu iliwafikia hata wasiokuwa na mega.

Jambo la mwisho, dogo lakini linasahaulika. Wengi wanaoweka kengele ya kuonya kwamba mashine imekwama wanaielekeza kwenye kundi lilelile la Telegram, kwa mashine ileile. Siku kundi likibadili namba, onyo nalo linapotea pamoja na tangazo. Kengele ipite kwa SMS, iandikwe kwa Kiswahili: kundi gani, tangazo gani, tangu saa ngapi. Na iende kwa watu wawili, mmoja wao akiwa redioni kabla ya matangazo ya jioni.