Dalali naye asome

Magomeni, dalali wa nyumba hulipwa kodi ya mwezi mmoja kwa kumkutanisha mpangaji na mwenye nyumba. Kuijua mitaa kunatosha kupangisha chumba, hakutoshi kuuza kiwanja. Wathamini wana sheria yao ya usajili ya mwaka 2016, na Kenya iliwatungia mawakala wa nyumba sheria mwaka 1984. Madalali wengi wa mitaani hawana cheti, na anayesoma jioni baada ya kazi huchekwa kwamba anapoteza wateja. Hapotezi. Ajuaye kutofautisha hati na leseni ya makazi, akafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla fedha hazijatoka, humwokolea mnunuzi mamilioni. Mnunuzi amlipe huyo. Wengine watasoma wenyewe.