Mwenge wa Polia u Mkononi mwa Nani?

Wahakiki wengi wamezoea kumsoma shujaa wa kike wa hadithi za mapenzi kama taashira tupu: ni uzuri, ni hekima, ni zama zilizopita, nafsi yake haipo. Kosa hili hudhihirika wanapoijadili Hypnerotomachia Poliphili, iliyopigwa chapa na Aldus Manutius mjini Venice mwaka 1499, pamoja na michoro 172 iliyochongwa kwenye mbao na msanii asiyejulikana kwa yakini. Hudai kwamba Polia, kipenzi anayetafutwa na Poliphilo ndotoni, ni kivuli tu cha ukale.

Hebu tuitazame michoro yenyewe. Wawili hao wanapokutana, mwenge uwakao umo mkononi mwa Polia. Katika hekalu la Diana, Poliphilo ameanguka kama mfu. Polia anamkokota kwa miguu ili amfiche. Baadaye anarudi, anampakata, naye anahuika. Je, kivuli hukokota maiti? Tena, sehemu kubwa ya kitabu cha pili inasimuliwa na Polia mwenyewe.

Sikatai kwamba mwenge ni taashira ya mapenzi, wala kwamba mwishoni Polia hutoweka, kwani yote yalikuwa ndoto ya mwanamume. Ninalolipinga ni kuitenga taashira na kitendo. Maana ya mwenge haikamiliki kabla ya kuuliza ni nani aliyeushika. Mhakiki asiyeuliza hivyo huota ndoto yake juu ya ile ya Poliphilo, kisha huwafunza wanafunzi wetu kuiita nadharia.